Mizani Kumi na Saba kwa Wadogo Zetu



Muhula huu Chama cha Kiswahili cha shule yetu kilijadili hoja fupi iliyozaa maneno mengi. Hoja yenyewe ilikuwa hii: kwamba gazeti letu litenge ukurasa mmoja kwa ajili ya watoto wadogo, na kwamba ukurasa huo ujazwe haiku, yaani mashairi mafupi mno ya asili ya Japani, yenye mzaha ndani yake, yahusuyo maajabu ya viumbe na mimea. Hoja haikupita wala haikuanguka. Iliahirishwa hadi muhula ujao. Kwa kuwa mimi ni mmoja wa walioiunga mkono, na kwa kuwa wapingaji wetu walikuwa hodari wa kusema kuliko sisi, naomba nafasi nizitoe hoja zangu kwa kalamu, ili kila mtu azipime kwa utulivu.

Kwanza nauliza: gazeti hili husomwa na nani? Husomwa na sisi wanafunzi na walimu wetu. Kisha siku ya kufunga shule hutiwa sandukuni pamoja na ripoti, likafika nyumbani. Huko baba na mama hulipitia jioni moja. Lakini yuko msomaji mwingine ambaye sisi hatumhesabu, naye ni mdogo wetu wa darasa la pili au la tatu. Yeye hulifungua, akaitafuta picha ya kaka yake au dada yake katika timu ya mpira, akaiona, akalifunga. Hamna mle hata mstari mmoja ulioandikwa kwa ajili yake. Habari za mitihani hazimhusu, hotuba ya mgeni rasmi yamshinda, na mashairi yetu yenye beti kumi na mbili humchosha kabla hajafika ubeti wa pili.

Mtoto anayejifunza kusoma ana haja moja kubwa: kufika mwisho. Akifika mwisho wa jambo alilolisoma mwenyewe, hupata furaha ambayo sisi wakubwa tumekwisha kuisahau, na furaha hiyo humrudisha kitabuni. Utungo wa maneno kumi au chini ya kumi aweza kuumaliza kwa pumzi moja, akaukariri njiani akienda kisimani. Ndiyo sababu naona haiku yafaa.

Yafaa sasa nieleze haiku ni kitu gani, maana siku ya mjadala wengi waliipinga kabla hawajaijua.

Haiku ni shairi la mistari mitatu. Mstari wa kwanza una mizani 5, wa pili 7, na wa tatu 5; jumla mizani 17. Ilitokana na mashairi marefu ya kupokezana, ambayo Wajapani waliyatunga wakiwa wamekaa pamoja, huyu akitoa ubeti na yule akimjibu. Ubeti wa kufungulia ulikuwa na mizani 17, na baadaye ulitoka ukasimama peke yake. Mtindo huo wa kupokezana uliitwa haikai, neno lenye maana ya mzaha na mchezo. Kwa hiyo mchezo si kitu tunachotaka kukiongeza sisi; umo ndani ya utungo huu tangu kuzaliwa kwake.

Aliyeuinua mtindo huu hata ukaheshimika ni Matsuo Bashō (1644–1694). Shairi lake lijulikanalo kuliko yote, la mwaka 1686, halisimulii habari za mfalme wala za vita, bali za chura. Baada yake alikuja Kobayashi Issa (1763–1828). Huyu alifiwa na mama yake akiwa mdogo sana, na alipokuwa mtu mzima aliwazika watoto wake kadhaa. Pamoja na msiba huo wote, aliandika haiku kiasi cha 20,000, na nyingi kati ya hizo zazungumza na shomoro, chura, konokono, nzi, na hata kiroboto, kama mtu azungumzavyo na majirani zake. Jina lenyewe, haiku, lilikuja kushika mizizi kwa kazi ya Masaoka Shiki (1867–1902). Basi tusidhani kwamba kumwandikia mtoto habari za konokono ni kazi ya watu waliokosa la kufanya. Mabingwa waliifanya kabla yetu.

Sasa nije katika lugha yetu. Wajapani huhesabu sauti karibu sawa na tunavyohesabu sisi. Kwao irabu ndefu ni mizani mbili, kama sisi tunavyolihesabu neno juu kuwa ju-u. Kwao n inayofunga silabi huhesabiwa mizani moja kamili, kama sisi tunavyoihesabu m ya mtoto: m-to-to. Lugha nyingi za Ulaya hazina urahisi huu, na watunzi wake hubishana sana juu ya hesabu hiyo. Sisi hatuna ugomvi, kwa sababu wazee wetu wamehesabu mizani kwa karne nyingi. Mshororo mmoja wa shairi letu la kawaida una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Haiku nzima ina mizani 17. Maana yake ni kwamba haiku moja kamili yazidi mshororo mmoja wa shairi kwa mizani moja tu! Mtoto akizoea kuhesabu mizani za haiku kwa vidole, amekwisha kuingia mlangoni mwa ushairi wa Kiswahili, na siku atakapofundishwa shairi hatashtuka.

Kadhalika, haiku za Kijapani kwa desturi huwa na neno linaloonyesha msimu wa mwaka. Nasi tunayo misimu yetu, tena yenye majina mazuri: masika, vuli, kipupwe, kiangazi, pepo za kusi na kaskazi. Mtoto wa Tanga hujua mvua za vuli na za masika. Mtoto wa Songea hujua msimu mmoja mrefu wa mvua. Mti wa mkrismasi ukiwaka maua mekundu, kila mtoto ajua kwamba mwaka umekaribia kwisha. Kumbikumbi wakitoka ardhini, hahitaji kalenda ili ajue kwamba mvua imeanza. Haya ni maneno ya msimu, nasi hatukuyaazima popote.

Nitatoa mfano. Kumbikumbi ni mchwa waliokomaa, madume na majike, wanaotoka kichuguuni baada ya mvua ili waanzishe makao mapya. Wakitua, mbawa zao hukatika. Kisha dume na jike huenda pamoja kuchimba nyumba, ambamo watakuwa mfalme na malkia. Habari hiyo ni ndefu kwa mtoto wa darasa la pili. Lakini mwaweza kumwambia hivi:

Taa ya bweni:
kumbikumbi wavua
koti la mbawa.

Mtoto atasema, "Koti?" Kesho usiku ataenda mwenyewe chini ya taa atazame. Ataziona mbawa zimetapakaa sakafuni, na kumbikumbi wakitambaa bila mbawa. Hapo ndipo atakapouliza waendako, nawe utapata nafasi ya kumweleza habari ya mfalme na malkia, kwa kuwa sasa ameitaka yeye.

Sasa niseme jambo lililonifanya niishike hoja hii kwa nguvu. Mwaka jana bundi alifanya makao katika dari ya bwalo letu. Alilia usiku mara tatu. Wakati huo mwenzetu mmoja alikuwa bwenini akiugua malaria, na neno likaenea kwamba bundi anamwita. Jioni ya siku iliyofuata mawe yalirushwa, bundi akaanguka, akauawa. Mgonjwa alipona kwa dawa, kama ilivyo desturi ya mgonjwa wa malaria anayetibiwa mapema. Waliofurahi kweli kwa kifo cha bundi yule ni panya wa ghala la mahindi.

Wale waliorusha mawe si watu wabaya. Wengine ni rafiki zangu, na mmoja wao hupata alama nzuri katika somo la biolojia kunishinda mimi. Katika mtihani aweza kuandika kwamba bundi hula panya. Lakini neno la kwanza alilolisikia juu ya bundi, alipokuwa na miaka minne au mitano, lilikuwa neno la kifo. Na neno la kwanza huingia ndani kabisa, mahali ambapo somo la kidato cha pili halifiki. Vivyo hivyo kinyonga. Ni wangapi kati yetu hutamani kumpiga fimbo mara tu tumwonapo, na hatujui sababu ila tuliwaona wakubwa wakifanya hivyo?

Basi hoja yangu yote ni hii: mtoto apewe neno la kwanza lililo kweli na lenye furaha juu ya kila kiumbe, mapema, kabla hajapewa neno la hofu, na neno hilo liwe fupi ili aweze kulichukua kichwani bila kitabu. Hotuba haiwezi kazi hiyo, wala kitabu kikubwa. Mistari mitatu yaiweza.

Macho ya bundi hayawezi kuzunguka katika matundu yake kama yetu. Ndiyo sababu hugeuza kichwa kizima, naye aweza kukigeuza karibu robo tatu ya duara bila kusogeza mwili. Manyoya ya mabawa yake yana kingo laini zinazoua mvumo wa upepo, hata aruke kimya na panya asimsikie. Mtoto na aanzie hapa:

Bundi darini:
ageuza kichwa tu —
panya hahemi.

Katika mistari hii mwenye kuogopa ni panya. Mtoto akiyasoma hucheka, maana yeye yuko upande wa bundi. Na mtoto aliyewahi kuwa upande wa bundi hata kwa dakika moja, naamini ataliokota jiwe kwa shida.

Kinyonga yeye ni kinyume cha bundi. Macho yake huzunguka kila moja kwa shauri lake, moja likitazama mbele na jingine nyuma. Ulimi wake, akiutoa, katika aina nyingi huwa mrefu kuliko mwili wake pasipo mkia. Hugeuka rangi kwa sababu ya joto na baridi, na kwa kutoa habari kwa kinyonga wenzake, wala si kwa uchawi. Katika milima ya Usambara wako vinyonga ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Na mwaka 2006 wataalamu walipolipa jina jipya la kisayansi kundi moja la vinyonga wa Afrika Mashariki, waliliita Kinyongia, kwa neno letu la Kiswahili. Ajabu iliyoje! Ulimwengu umechukua jina kwetu, nasi twamkimbia mwenye jina. Kwa mtoto nasema:

Kinyonga, sema:
jicho hili kwa panzi,
lile kwa nani?

Kila mtoto niliyemsomea haiku hii hujibu, "Kwangu!" Hakufundishwa jibu hilo. Amelipata kwa kujiweka mwenyewe mbele ya kinyonga, wakitazamana.

Sasa nijibu pingamizi, moja baada ya moja, kwa heshima.

Pingamizi la kwanza lilikuwa kwamba utungo usio na vina si ushairi. Wenye kusema hivi wana msingi. Marehemu Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha mwaka 1954, alitueleza sheria za kutunga mashairi, na sheria hizo zimelinda sanaa yetu. Mimi napenda vina, na sitaki mtu aache kuvifunza. Lakini haiku haiombi kuitwa shairi la vina. Ni mgeni aliyekuja na nguo zake. Tena ubishi huu si mpya: tangu Euphrase Kezilahabi atoe diwani yake Kichomi mwaka 1974, ulimwengu wa Kiswahili umejadili tungo zisizo na vina, na mashairi ya vina hayakufa, yangali hai magazetini na katika redio. Haiku, kwa upande wake, hata mizani haikuitupa. Yafuata hesabu kwa ukali kuliko sisi tunavyodhani: ikizidi mizani moja, kwa kanuni hii imeharibika.

Pingamizi la pili lilikuwa kwamba huu ni ugeni, na watoto wetu wana mambo yao ya asili. Ni kweli wanayo, na lililo karibu zaidi na haiku ni kitendawili. "Nyumba yangu haina mlango," asema mtegaji, na mtoto ajibu, "Yai!" Tazameni jinsi kitendawili kilivyo kifupi, kilivyo cha mchezo, na kinavyotazama vitu vya asili kwa jicho jipya. Tofauti ni moja. Kitendawili hukificha kitu, nawe ukitafute. Haiku hukitaja kitu waziwazi, ikakuachia utafute ajabu yake. Mtoto aliyekulia katika kutega na kutegua hatapata shida hata kidogo na haiku. Na kuhusu ugeni, Shaaban Robert (1909–1962) alimtafsiri Omar Khayyam wa Uajemi kwa Kiswahili, na hakuna aliyesema kwamba amepungua Uswahili wake kwa kazi hiyo.

Pingamizi la tatu ndilo lililopigiwa makofi mengi: kwamba mashairi haya hayana mafunzo. Msemaji mmoja aliuliza, "Mtoto akijua kwamba kumbikumbi amevua koti, atakuwa na adabu gani?" Wote wakacheka. Namjibu hivi. Ni desturi yetu kufunga kila utungo wa watoto kwa onyo: siafu ana bidii, nawe uwe na bidii, kondoo ni mpole, nawe uwe mpole. Mtoto hulijua onyo kabla halijafika. Hugundua upesi kwamba siafu hakuitwa kwa sababu ya usiafu wake, ila ameitwa awe kiboko. Hebu tulinganishe. Hii ni haiku ya konokono:

Konokono, we!
Umehama na nyumba;
ufunguo je?

Na hii ndiyo ileile, iliyotiwa funzo:

Konokono, we!
Umehama na nyumba;
tuwe watii.

Mizani zote zimetimia. Msomeeni mtoto zote mbili, kisha mtazame uso wake. Ya kwanza itampeleka uani kumtafuta konokono na kuangalia kama ana mlango. Ya pili itamrudisha darasani, akae mikono juu ya dawati. Je, ni ipi iliyomfundisha? Mimi naona kwamba kutazama vizuri ni adabu pia. Mtu aliyezoea kukitazama kitu mpaka akione kilivyo hasa, hatakuwa mwepesi wa kukipiga jiwe. Na nadhani hatakuwa mwepesi wa kumsingizia jirani.

Pingamizi la nne lilikuwa kwamba kazi hii ni rahisi mno, na kwamba itawafanya wanafunzi wavivu. Kwa hili sina haja ya maneno mengi. Chukua kalamu, ujaribu. Mizani 17 hazina nafasi ya kujificha. Neno moja la kujionyesha huonekana kama kiraka chekundu katika shati jeupe.

Kwa wale watakaojaribu, nataja mambo machache ambayo sisi tuliyaona yasaidia.

Kwanza, toka nje. Usitunge kwa kukumbuka kitabu. Kaa mbele ya kitu kimoja kwa muda wa robo saa, ndipo uandike.

Pili, sema jambo moja tu. Ukimtaja popo, mwache nyuki. Mathalan, sisi tulimtazama popo aliyening'inia mwembeni mchana, tukatoka na hii:

Popo kalala,
miguu iko juu;
au ni mimi?

Hapo pana mengi ya kueleza: kwamba popo si ndege bali ni mnyama anyonyeshaye, na ndiye mnyama pekee wa aina hiyo anayeruka kwa mabawa yake hasa, kwamba maua ya mbuyu hufunguka usiku, na popo wa matunda huyatembelea akachukua chavua kutoka ua hata ua. Yote hayo yangojee. Mtoto kwanza na ainamishe kichwa chake katikati ya miguu, autazame ulimwengu kama popo. Akichoka atauliza.

Tatu, sema kweli. Huu ni mzaha, lakini si uongo. Usiseme kwamba popo ni kipofu, kwa kuwa si kipofu. Usiseme kwamba tembo humwogopa panya kwa sababu umelisikia hilo mtaani. Ajabu za kweli zatosha, nazo mara nyingi huchekesha kuliko za kubuni. Nani angebuni habari hii? Yuko mdudu anayebiringisha tonge la mavi ya wanyama kwa miguu ya nyuma, akiondoka nalo upesi kwa mstari ulionyooka ili wenzake wasimnyang'anye. Mwaka 2013 wataalamu waliofanya majaribio Afrika Kusini walitangaza kwamba aina moja ya wadudu hao, watembeao usiku, huongozwa na ule ukanda mweupe wa nyota unaokatiza mbingu. Waliwavalisha vikofia vya karatasi ngumu ili wasione juu. Wakaanza kupotea njia. Mdudu wa mavi amevaa kofia! Na sisi, wenye vitabu vya jiografia, ni wangapi twaweza kuishika njia kwa nyota? Haiku yake ni hii:

Mavi ya ng'ombe:
mdudu asukuma,
nyota ni taa.

Najua baadhi ya wazazi watakunja uso kwa neno la kwanza. Nawaomba radhi. Lakini mtoto wa miaka saba akilisikia neno hilo husogea karibu, na kabla hajamaliza kucheka tumekwisha kumfikisha kwenye nyota. Sijui njia nyingine iliyo fupi hivyo.

Nne, tumia maneno ambayo mtoto anayo. Kama nyumbani kwenu mdudu fulani ana jina lake, litumie. Kiswahili cha pwani na cha bara vina majina mengi ya ndege na wadudu ambayo hatuyaoni vitabuni, nayo yatapotea tusipoyaandika.

Tano, usifunge mlango. Mstari wa tatu uwe kama mlango ulioachwa wazi kidogo. Na ukitaka kujua kama umefanikiwa, msomee mtoto. Akicheka, au akiuliza, au akikimbia kwenda kutazama, umepata. Akisema "ndiyo" tu, ukiwa umemkazia macho, basi ichane karatasi hiyo uanze tena.

Jambo hili la kuwasomea watoto tumekwisha kulijaribu. Jumamosi kadhaa muhula huu, baadhi yetu, kwa ruhusa ya walimu, tulikwenda kuwasomea watoto wa darasa la tatu katika shule ya msingi ya jirani. Palikuwa na mtoto mmoja ambaye mwalimu wake alituambia kwamba husoma neno mojamoja, na aghalabu huacha katikati. Tulimpa haiku ya konokono katika kipande cha karatasi. Alisoma polepole, kwa kidole, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipofika kwenye "ufunguo je?" alinyamaza, akacheka peke yake, kisha akarudi juu akaisoma tena bila kuambiwa. Alipomaliza aliuliza kama aweza kwenda na ile karatasi. Sisemi kwamba karatasi moja imemfanya msomaji. Nasema kwamba siku ile alimaliza, akataka tena, na karatasi zetu zikawa zimekwisha.

Kwa hiyo napendekeza mambo haya. Ukurasa mmoja wa gazeti letu, ikiwezekana ule wa mwisho ili mtoto aufikie kwa urahisi, utengwe kwa wadogo zetu kila muhula. Uwe na haiku zisizozidi sita, zenye herufi kubwa, na picha zilizochorwa na wenzetu wenye mkono mwema. Mwalimu wa Kiswahili atukagulie mizani, na mwalimu wa biolojia atukagulie ukweli. Haiku itakayoanguka kwa mmoja wao isichapishwe. Nafasi ibaki pia chini ya ukurasa, mistari mitatu mitupu, ili mtoto mwenyewe aandike ya kwake.

Wazazi wetu nawaomba msaada wa namna mbili. Watoto wakiwauliza majina ya ndege, miti na wadudu katika lugha za nyumbani, msiwaambie wakacheze. Waambieni majina hayo, nasi tutayaandika. Na usiku bundi atakapolia juu ya paa, kabla hamjasema neno, kumbukeni kwamba yuko mtoto macho, anasikiliza mtakalosema.

Wenzangu, likizo imekaribia. Kila mmoja wetu ana mdogo wake nyumbani, au wa jirani. Katika siku hizo tuandike haiku tatu tu, tumsomee, na ile iliyomchekesha tuilete shuleni. Karatasi apewe mhariri katika juma la kwanza la muhula, zikiwa na jina la kiumbe na mahali kilipoonekana, ili hoja itakaporudi mezani tuwe na kitu cha kuwaonyesha wapingaji wetu.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne